Kuchora kambi ya Mwezini kwa kompyuta hadi ionekane imepigwa kwa kamera

Michoro mingi ya safari za angani hukosea mambo yaleyale. Nyota zimejaa mchana kweupe, Dunia imekaa nyuma ya mwanaanga kubwa kama sinia, mwanga wa buluu unatoka kulia na wa machungwa unatoka kushoto, na moshi unatanda mahali pasipo na hewa. Mkono wa msanii ni mzuri, modeli zake zina nati hadi za mwisho, ila jicho linaikataa picha ndani ya sekunde mbili na mtazamaji hawezi hata kusema kwa nini. Sababu ni kwamba maswali matatu hayakujibiwa mapema: Jua liko wapi, kamera iko wapi, na kila kitu kina mita ngapi. Nati na mikwaruzo ni kazi ya baadaye.

Mwongozo huu unafuata picha moja tangu mwanzo: wanaanga wawili karibu na ncha ya kusini ya Mwezi, rova (gari la Mwezini) isiyo na paa, mlingoti wa paneli za sola, na chombo kilichowaleta kikiwa nyuma kwa mbali. Eneo hilo ndilo NASA inalolilenga katika mpango wa Artemis wa kurudisha watu Mwezini, na India ilikwisha kushusha chombo chake Chandrayaan-3 upande huohuo, kwenye latitudo ya nyuzi 69 hivi kusini, tarehe 23 Agosti 2023. Tutatumia Blender kwa kuwa ni ya bure na hesabu zake za mwanga zinaaminika. Programu nyingine yoyote ya 3D itafaa, mradi inafuatilia miale ya mwanga kikweli.

Namba za kuandika kabla ya kuwasha kompyuta

Chukua karatasi. Andika kwanza mwinuko wa Jua. Kwenye ncha yenyewe Jua halipandi zaidi ya nyuzi 1.5 hivi juu ya upeo wa macho. Linautambaa upeo kwa mzunguko wa takriban siku 29.5. Ukisogea hadi latitudo 85 linaweza kufika nyuzi 6 na nusu. Hapa tunachukua 1.5, ambayo ndiyo ngumu na ndiyo nzuri.

Kisha upande wa Jua. Liweke kushoto, nyuzi 70 hivi kutoka pale lenzi inapoelekea. Jua likiwa mgongoni mwa kamera, vivuli hujificha nyuma ya vitu vyenyewe na ardhi yote inakuwa bapa. Likiwa mbele, utapata vivuli vyeusi vya watu na karibu hakuna kingine.

Lenzi: milimita 35 kwa sensa (kihisi cha mwanga cha kamera) ya upana wa milimita 36. Hiyo inaona nyuzi 54 kwa upana. Kimo cha kamera: mita 1.4 kutoka ardhini. Wanaanga wa Apollo, safari za NASA zilizofikisha watu Mwezini, walifunga kamera zao za Hasselblad kifuani, na ndiyo maana picha zao nyingi zimepigwa chini kidogo ya usawa wa macho. Jicho limezoea kimo hicho bila kujua.

Mizani: yuniti moja ya Blender ni mita moja, kwa kila kitu, bila msamaha. Modeli yoyote unayoipakua, ipime kabla ya kuiingiza. Rova yenye urefu wa mita 6 haitaonekana kubwa. Itawafanya watu waonekane watoto.

Ardhi

Usianze kuichonga ardhi kwa mkono. Kifaa cha LOLA kwenye chombo cha Lunar Reconnaissance Orbiter kimepima miinuko ya Mwezi kwa leza tangu 2009, na ramani zake za ncha ya kusini zinapatikana bure, baadhi kwa mita 5 kwa piseli. Fungua faili kwenye QGIS, programu ya ramani ambayo nayo ni ya bure, ukate mraba wa kilomita 4 kwa 4 unaoupenda. Kwa mita 5, mraba huo ni piseli 800 kwa 800. Andika mwinuko wa juu kabisa na wa chini kabisa kwa mita, kisha hifadhi kama TIFF (aina ya faili ya picha) ya biti 16.

Hiyo biti 16 si pambo. Tuseme tofauti ya miinuko ni mita 2,000. Faili ya biti 8 ina ngazi 256 tu, kwa hiyo kila ngazi ni karibu mita 8 na mlima wako utakuwa na matuta kama ya shamba la mtelemkoni. Biti 16 ina ngazi 65,536. Kila moja ni sentimita 3. Jua la nyuzi 1.5 litafichua hata kosa dogo, maana mwanga wa kulala namna hiyo unageuza kila tuta la nusu mita kuwa mstari mweusi.

Ndani ya Blender, tengeneza gridi ya mita 4,000 kwa 4,000 yenye mipasuo 800 kila upande, uipe modifaya ya Displace, inayoinua na kushusha uso kwa kufuata picha, na tekscha yake, yaani picha hiyo, iwe ile TIFF. Nguvu ya modifaya ni ile tofauti ya juu na chini uliyoiandika, kwa mita. Kiwango cha kati kiwe 0. Faili ya picha lazima iwekwe kwenye Non-Color, yaani isomwe kama namba tupu. Ukiiacha kwenye sRGB, mfumo wa kawaida wa rangi za skrini, programu itaipinda kana kwamba ni picha ya rangi: miteremko ya chini inalala na ya juu inasimama, na hutajua umekosea wapi. Ukiona mistari iliyonyooka inayokatiza mandhari, hiyo ni mipito ya leza ambayo kati yake namba zimekadiriwa. Lainisha kidogo sehemu hizo pekee.

Sasa umepata umbo la kweli la mbali, ila chini ya mita 5 faili haijui kitu. Hapo ndipo kazi yako. Tengeneza kipande cha pili cha ardhi mbele ya kamera, mita 30 kwa 30, chenye nukta kila sentimita 2. Hiyo ni gridi ya 1,500 kwa 1,500, nukta milioni 2 na robo, ambazo kompyuta yenye gigabaiti 16 inazibeba. Mahali pa kuunganisha vipande viwili pafiche nyuma ya ukingo wa kreta, yaani shimo lililochimbwa na kimondo.

Kreta ndogo zina kanuni yake. Kwenye ardhi ya zamani ya Mwezi, ukipunguza kipenyo kwa nusu, idadi inaongezeka mara nne hivi. Kwa hiyo ukiweka kreta 3 za mita 10, weka 12 za mita 5, kama 75 za mita 2, na 300 za mita 1. Wasanii wengi huweka kreta 20 zinazolingana, zimepangwa kwa nafasi sawa, na matokeo yake ni jibini. Kina nacho: kreta mpya ndogo ina kina cha karibu sehemu moja ya tano ya kipenyo chake, lakini mpya ni chache mno. Nyingi zimechakaa, kina ni sehemu moja ya kumi au hata ya ishirini, ukingo umelainika, na zimepandana. Mawe yakusanye kuzunguka kreta mpya. Yalirushwa kutoka humo. Jiwe la upweke katikati ya tambarare linaruhusiwa, lakini moja au mawili.

Milima iwe ya mviringo. Kabla ya watu kufika, wachoraji waliipa Mwezi vilele vyenye ncha kama mikuki wakifikiri kwamba bila mvua na upepo hakuna kinachomomonyoa. Vimondo vidogo vimeipiga kwa miaka mabilioni, na picha za Apollo 15 za Mlima Hadley mwaka 1971 zinaonyesha bonge kubwa, laini, la kijivu.

Rangi: udongo wa Mwezi hurudisha takriban asilimia 12 ya mwanga unaoupiga, sawasawa na lami iliyochakaa. Weka namba zenyewe, nyekundu 0.125, kijani 0.120, buluu 0.112, na usiende zaidi ya hapo kwa ukahawia. Uso usiwe na mng'ao hata kidogo. Ukiona ardhi ni giza mno, usiipake rangi nyeupe. Tatizo liko kwenye ekspoja, yaani kiasi cha mwanga ambacho kamera inapokea, na tunakuja huko.

Jua, ambalo ndilo picha yenyewe

Futa taa zote. Weka taa moja ya aina ya Sun. Dunia ya Blender, maana yake ile rangi ya mazingira, iwe nyeusi kabisa, nguvu 0. Hakuna anga la kuangaza vivuli.

Taa ya Jua ina vitu viwili vya kuweka. Cha kwanza ni nguvu, inayohesabiwa kwa wati kwa mita ya mraba: 1,361, ambayo ndiyo nguvu ya Jua kwenye umbali wetu. Cha pili ni pembe: nyuzi 0.53, upana wa Jua linavyoonekana kutoka Mwezini. Ukirenda sasa hivi, yaani ukiiagiza kompyuta itoe picha, utapata picha nyeupe tupu, usishtuke. Nenda kwenye usimamizi wa rangi, ushushe ekspoja hadi karibu hasi 8. Hapo mteremko wa udongo unaolitazama Jua uso kwa uso utakuwa kijivu cha kati, na suti nyeupe itakuwa karibu na ukomo wa weupe bila kuungua. Chagua AgX kama namna ya kuonyesha rangi. Ile ya kawaida ya sRGB inakata mwanga mkali ghafla kama kisu.

Pembe ya nyuzi 0.53 inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayotofautisha picha ya kweli na ya mchezo wa video. Chukua mwanaanga wa mita 2 pamoja na kofia yake. Kwa Jua la nyuzi 1.5, kivuli chake kina urefu wa mita 76. Kwenye buti, ukingo wa kivuli ni mkali kama umekatwa kwa wembe. Mita 10 mbele, ukingo umetawanyika kwa sentimita 9. Kwenye mita 76 utawanyiko ni karibu sentimita 70, mpana kuliko kofia yenyewe, kwa hiyo kichwa cha kivuli hakionekani kabisa. Kinayeyuka polepole mahali fulani kati ya mita 65 na 92. Ukichora kivuli chenye kichwa kilichokamilika mwishoni, umechora taa ya nukta. Watu wanaacha pembe kwenye 0 ili picha irendeke haraka, na ndipo inapokufa.

Sasa jambo linalowachanganya hata wazoefu. Kwa Jua la nyuzi 1.5, ardhi bapa inapokea sehemu moja ya 38 tu ya mwanga ambao kitu kilichosimama wima kinapokea. Ongeza kwamba suti nyeupe inarudisha mwanga kama mara sita kuliko udongo. Hesabu inakupeleka kwenye tofauti ya zaidi ya mara 200 kati ya kifua cha mwanaanga na sakafu anayosimama, sawa na karibu stopu 8 za kamera (kila stopu huzidisha mwanga mara mbili). Basi picha ya ncha ya kusini haifanani na picha za Apollo, ambazo zilipigwa asubuhi Jua likiwa juu kiasi na sakafu yote inang'aa. Hapa utaona mabaka: vilima na kuta za kreta zinazolitazama Jua zinawaka, tambarare ni kijivu kizito, na mabonde ni meusi tii. Mtu anaonekana kama amesimama mbele ya taa za gari usiku.

Udongo halisi unapunguza makali ya hesabu hiyo. Uso wake una vijiwe na vibonge visivyohesabika, na kila kimoja kinasimamisha upande wake mdogo mbele ya Jua, kwa hiyo sakafu inang'aa kuliko karatasi laini ingevyofanya. Ndiyo sababu hiyohiyo Mwezi mpevu unaonekana kama sahani, pembeni hauna giza kama mpira. Ukiwa na gridi ya sentimita 2 mbele, sehemu ya athari hiyo inajitokeza yenyewe. Kwa ardhi ya mbali, ongeza kelele ndogo (vinundu vya kubahatisha) kwenye uso, au kubali kuinua rangi ya tambarare kidogo. Hilo ni kosa la makusudi, na ni halali.

Vivuli visiachwe vyeusi bila uchunguzi. Ukuta wa kreta unaowaka unarudisha mwanga upande wa pili, na suti ya mwanaanga mmoja inamwangaza mwenzake. Weka midundo ya mwanga isiyopungua 4 kwenye Cycles, sehemu ya Blender inayofuatilia miale, na uache fizikia ifanye kazi. Usiongeze taa ya buluu ya kujazia. Ile ni tabia ya studio, na Mwezini hakuna studio.

Anga

Nyeusi. Bila nyota. Mtu atalalamika, na jibu ni hesabu: mchana wa Mwezini unapigwa kwa takriban 1/250 ya sekunde kwenye f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi) na ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Nyota zinataka kama sekunde 10 kwenye f/2.8 na ISO 1600. Tofauti ni zaidi ya mara 300,000. Ukitaka nyota kwa kufa na kupona, hamishia mandhari usiku wa Mwezini, pakiangazwa na Dunia, ambayo ikiwa pevu inatoa mwanga wa takriban mara 40 ya mbalamwezi yetu. Hiyo ni picha nyingine, nzuri pia.

Dunia yenyewe inaonekana kutoka Mwezini ikiwa na upana wa karibu nyuzi 1.9. Kwa lenzi yetu na picha ya piseli 3,840 kwa upana, hiyo ni piseli 124. Ndogo, ndiyo. Ukiitaka kubwa usiikuze kwa mkono: rudisha kamera nyuma na uweke lenzi ya milimita 200, ambayo itaifikisha piseli 700 hivi, na milima itajikusanya nyuma yake kama inavyofanya kwenye picha halisi za lenzi ndefu.

Mahali pake kwenye anga napo pana sheria. Ukiwa karibu na ncha, Dunia haipandi zaidi ya nyuzi 7 hivi juu ya upeo, na kwa sehemu ya mwezi huzama chini yake. Imepinduka: Antaktika iko juu. Upande wake unaowaka lazima ulitazame Jua lako. Kama Jua liko nyuzi 70 kushoto kwa lenzi na Dunia iko katikati ya picha, utaona kama theluthi moja yake, upande wa kushoto. Dunia pevu pembeni mwa Jua ni kosa ambalo hata mtoto anayeutazama mwezi mwandamo angeliona.

Vyombo na mitambo

Siku zijazo za karibu zimejaa vitu vilivyopo tayari, kwa hiyo pima vilivyopo. Chombo cha Orion kina kipenyo cha mita 5. Starship, roketi ya SpaceX, ina kipenyo cha mita 9, na ile inayokusudiwa kutua Mwezini ina kimo cha takriban mita 50. Kwa Jua letu, kivuli chake kinafika kilomita 1.9. Fikiria hilo unapopanga picha: kivuli cha chombo kinaweza kuwa ndicho kitu kikubwa kuliko vyote kwenye fremu. Rova ya Apollo ilikuwa na urefu wa mita 3.1 na magurudumu ya sentimita 81 yaliyofumwa kwa waya. Usiweke matairi ya mpira. Kwenye baridi ile mpira unakuwa kama kioo.

Paneli za sola ndizo zinazomfichua asiyejua eneo. Jua likiwa pembezoni mwa upeo, paneli iliyolala inapokea karibu hakuna. Hapa zinasimama wima juu ya mlingoti wa mita 10 hivi, na mlingoti unazunguka polepole kulifuata Jua. Antena ya mawasiliano nayo inaelekea Dunia, yaani karibu ilale. Ukichora sahani imetazama juu, inaongea na utupu.

Kitu kinachosahaulika zaidi ni radieta. Mahali pasipo na hewa joto linatoka kwa mnururisho tu, kwa hiyo kila mtambo wenye umeme mwingi una mabapa meupe ya kutolea joto, na yanalipa Jua ubavu. Kanuni ya kukumbuka: paneli za sola, nyeusi au za buluu iliyoiva, zinalitazama Jua, radieta nyeupe zinalikwepa. Chora zote mbili na hata mhandisi atanyamaza.

Ile karatasi ya dhahabu kwenye mitambo si dhahabu. Ni plastiki ya rangi ya kaharabu iliyopakwa alumini kwa nyuma. Kwenye Blender: metali 1, mkwaruzo wa uso (Roughness) kati ya 0.15 na 0.25, rangi ya kaharabu, halafu mikunjo. Mikunjo ndiyo kazi yote. Inashonwa kwa vipande, inabana kwenye kona, inalegea katikati, na kila kipande kina mshono wa utepe. Iigize kwa uigaji wa kitambaa (Cloth) kwa fremu 20 tu kisha igandishe. Ramani ya kelele peke yake inafanya ionekane kama karatasi ya chokoleti.

Kona zote za vyuma zipewe mviringo mdogo, milimita 2 hadi 5. Kona kali kabisa haishiki mwanga, na hakuna kiwanda kinachoitengeneza.

Mwanaanga

Mtu mwenye suti na mzigo wa mgongoni anaegemea mbele kidogo, maana kitovu cha uzito kimeenda nyuma. Mikono haining'inii, suti iliyojaa hewa inaisukuma mbele na mbali na mwili, viwiko vimekunjwa kidogo. Vidole havifungi ngumi. Ukichukua mkao wa mtu aliyevaa shati na kumvisha suti, umevisha sanamu ya dukani.

Uchafu uanzie chini. Vumbi la Mwezi linanata kwa sababu chembe zake zina makali, hazijawahi kusuguliwa na maji wala upepo. Buti hadi katikati ya shavu la mguu ni kijivu cha mkaa. Magoti yana mabaka mazito yenye ukingo usio sawa. Vidole vya glavu vimekolea. Kifua ni safi isipokuwa pale alipobeba kitu. Mwisho wa Apollo 17, Desemba 1972, suti zilikuwa zimechafuka namna hiyo kwa siku tatu tu. Usinyunyize uchafu sawasawa mwili mzima kwa brashi moja.

Nyayo: kina cha sentimita moja au mbili kwenye tambarare, zaidi kidogo kwenye ukingo wa kreta ambako udongo ni laini. Mistari ya soli inabaki wima na safi, kama ilivyo kwenye ile picha ya alama ya buti ya Aldrin, mwanaanga wa Apollo 11, ya Julai 1969. Nyayo zielekee mahali. Mtu aliyetoka kwenye rova kwenda kwenye mlingoti ameacha njia, na akirudi ameikanyaga.

Kioo cha kofia kinaakisi dunia yote iliyo nyuma ya kamera, kwa hiyo nyuma ya kamera lazima pawe na kitu: ardhi, mwanaanga wa pili, rova. Wengi hawajengi chochote huko na kioo kinaonyesha sakafu inayoishia kwenye utupu. Ukitaka wazo moja la bei rahisi, weka ndani ya kioo yule anayepiga picha.

Vumbi na mwali wa injini

Bila hewa vumbi halielei. Kila chembe inarushwa, inapanda, inashuka kwa mkunjo mmoja safi, basi. Chembe iliyorushwa juu kwa mita 2 kwa sekunde Mwezini inafika mita 1.2 na kurudi chini baada ya karibu sekunde 2.5. Kwa hiyo nyuma ya gurudumu la rova chora feni ya chembe yenye mikunjo, mwangaza upande wa Jua, na hakuna wingu linalobaki nyuma. Zima kabisa uigaji wa moshi. Tumia chembechembe zenye uvutano wa 1.62, msuguano wa hewa 0.

Injini ya kutua nayo haitoi ulimi wa moto. Gesi inapanuka kwa ghafla pande zote na karibu haionekani. Kinachoonekana ni mdomo wa injini uliowaka na vumbi linalokimbia pande zote likiwa limelala juu ya ardhi kama shuka linalovutwa.

Ukihamia Mirihi

Mengi hapo juu yanageuka, kwa sababu Mirihi ina hewa, hata kama shinikizo lake halifiki asilimia 1 ya letu. Nguvu ya Jua ishuke hadi 590, pembe iwe nyuzi 0.35, uvutano 3.71. Mazingira sasa yana nguvu: anga la rangi ya kaharabu iliyofifia linajaza vivuli, na milima ya mbali inafifia ndani ya vumbi. Jua linapotua, buluu iko karibu na Jua lenyewe na wekundu uko mbali nalo, kinyume cha jioni zetu. Ardhi si nyekundu kama tofali: ni kahawia ya manjano palipo na vumbi, na mawe ya basalti ni kijivu cha giza pale upepo ulipoyafagia. Kwa macho ya mtu aliyesimama, upeo uko kilomita 3.4, dhidi ya 2.4 Mwezini. Paneli hapa zinalala, na zina vumbi.

Kurenda na kumalizia

Tumia Cycles. Anza na sampuli 128 (idadi ya miale kwa kila piseli) kuangalia mpangilio, kisha 1,000 au zaidi kwa ya mwisho. Kiondoa kelele, kinachofuta chembechembe zinazobaki kwenye picha, kiwekwe nusu. Kikipewa uhuru wote kinalamba changarawe na kuifanya plastiki. Ukiona ardhi ya mbali imekatwa kama kwa mkasi, umbali wa mwisho wa kamera, Clip End, umeachwa mfupi mno, upeleke mita 10,000. Ukiona nyuso mbili zinapepesa, umbali wa mwanzo ni mdogo mno. Upandishe hadi 0.1.

Hifadhi kama EXR, aina ya faili isiyokata mwanga, ili ubaki na mwanga wote, kisha malizia kwenye Krita au GIMP, programu za kuhariri picha: chembe kidogo za kamera, giza hafifu kwenye pembe, ukali wa picha upunguzwe kwa asilimia chache kwa sababu hakuna lenzi inayochora kila piseli. Mng'ao unaotapakaa kuzunguka vitu vyeupe usiweke, hakuna hewa ya kuutapanya; Jua likiwa ndani ya fremu, mwako mdogo wa ndani ya lenzi unaruhusiwa. Zile alama za msalaba za picha za Apollo zilikuwa kwenye kioo mbele ya filamu yake. Kamera ya leo haina, usizibandike.

Kabla ya kuitoa, igeuze kulia kushoto na uitazame kwa ukubwa wa stempu. Ikisomeka bado, yaani unajua Jua liko wapi na nani ni mkubwa kuliko nani, iko tayari. Andika chini yake kwamba ni mchoro, pamoja na mahali ramani ilipotoka na mwinuko wa Jua uliotumia. Nembo ya NASA usiipake ubavuni mwa chombo chako kana kwamba wameidhinisha. Ramani na picha zao kwa kawaida ni za wote, nembo siyo.